Faili Lililoitika

Siku mashine ya marobota ilipokataa kuwaka, mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Serengeti, na malori ya pamba yalikuwa yamepanga foleni kutoka lango la jineri mpaka barabara ya kwenda Lamadi. Pamba ikinyeshewa juu ya lori hubadilika rangi, na ikishabadilika rangi wanunuzi huitazama kama mgonjwa wa kuambukiza. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na haraka. Na mimi nasema haraka ya kiwandani ni ugonjwa mbaya kuliko upele, kwa sababu upele angalau mtu huona aibu nao.

Jineri yenyewe iko nje kidogo ya Bariadi. Pamba huingia ikiwa na mbegu, huchambuliwa, kisha nyuzi zake hutupwa ndani ya sanduku refu la chuma. Juu ya sanduku hilo kuna bamba zito linaloshuka kuzishindilia mpaka ziwe robota gumu linaloweza kubeba mtu akisimama juu yake. Zamani bamba lilishushwa na kupandishwa kwa mkono wa chuma. Siku hizi linaamriwa na kompyuta, na kompyuta ilipoletwa, mkono ule waliukata wakauuza chuma chakavu.

Mwendeshaji wa mashine hiyo alikuwa Precious, msichana wa maneno machache na macho makali. Kazi aliipata kupitia mjomba wake Ngassa, kaka wa marehemu mama yake, aliyemlea kule Mkula tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Ngassa alikuwa msafishaji wa mashine hiyohiyo. Pamba ikinasa ndani ya sanduku, yeye ndiye aliyekuwa akiingia kuichomoa kwa mikono.

Asubuhi ile umeme ulikatika ukarudi, na kompyuta ilipowashwa iliandika kwamba programu haiwezi kufunguka kwa sababu faili fulani halikupatikana. Niseme hapa jambo ambalo pale jineri hakuna aliyejisumbua kulisema. Programu kubwa haifanyi kila kitu yenyewe. Ina wasaidizi, mafaili madogo ambayo wenye kazi hiyo huyaita maktaba. Mmoja husoma mzani, mwingine husoma swichi ya mlango wa sanduku kujua kama umefungwa au uko wazi, maana ukiwa wazi bamba halitakiwi kushuka. Programu ikimhitaji msaidizi humwita kwa jina. Aliyepotea siku ile alikuwa huyo wa mlango.

Mhandisi aliyeifunga programu anaishi Mwanza. Simu yake iliita mpaka ikachoka. Meneja Marcelo, mtu mnene mwenye hasira za karibu, alisimama nyuma ya kiti cha Precious akipumua shingoni mwake.

"Danford yuko wapi?" aliuliza. "Si ndiye mtaalamu wetu?"

Danford alikuwa karani wa kompyuta, kijana wa diploma, shati la kuchomekea hata Jumamosi. Alikuja akitabasamu, akasoma yale maandishi, akatabasamu zaidi.

"Hili si tatizo, bosi. Mafaili kama haya yamejaa mtandaoni."

Kifurushi cha modemu kilikuwa kimeisha, kwa hiyo aliigawia kompyuta data ya simu yake. Akaandika jina la faili, akafungua tovuti ya kwanza iliyojitokeza, imejaa matangazo ya mikopo ya haraka na dawa za kunenepesha, akalipakua, akalitupia kwenye folda ya programu. Mashine ikafunguka. Vitufe viwili vikubwa vikatokea kwenye skrini kama siku zote, PANDA na SHUKA, na wapakiaji waliokuwa wakichungulia dirishani wakapiga makofi.

"Nani kaliandika hilo faili?" Precious aliuliza.

"Kwani wewe unataka kumtumia zawadi?"

"Nauliza tu. Hatumjui."

"Jina ni lilelile, dada. Na linafanya kazi. Wewe bonyeza, kufikiri niachie mimi."

Mimi ningekuwa Precious ningemtandika na ile mausi. Yeye alinyamaza, kwa sababu bosi alikuwa nyuma yake na malori yalikuwa mbele. Bora liende. Na jina kweli lilikuwa lilelile. Programu ile haikuwa na tabia ya kumwuliza mtu kitambulisho; iliita jina, na aliyeitika akaingia na kukaa. Kumbe aliyeitika alikuwa mwingine. Programu ilipomwuliza kama mlango umefungwa, alijibu umefungwa, hata usipofungwa, kwa sababu hakujua jibu jingine. Na kazi yake hasa haikuwa mlango. Alikuja kumfungulia mtu dirisha.

Baada ya chakula cha mchana pamba ilinasa. Ngassa alikuja na fagio lake fupi, nywele na kope nyeupe kwa vumbi la pamba. Alikuwa nyuma kwenye marobota tangu asubuhi na hakuwa na habari yoyote ya faili.

"Mwadila, mama," alimsalimu mpwa wake. Alipenda kumwita mama, kwa jina la dada yake aliyemzaa.

"Mwadila, mjomba. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Naingia."

Akavua viatu, akaviweka juu ya kiti cha mwendeshaji. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya jineri ile, na haikuandikwa popote. Kitabu cha mashine kilitaka anayeingia sandukuni achomoe ufunguo atembee nao mfukoni, lakini ufunguo ule ukichomolewa mashine huchukua muda mrefu kuamka tena, na msimu hauna subira. Kwa hiyo wazee wa pale walibuni ya kwao. Viatu vikiwa juu ya kiti, mwendeshaji hakai, na asipokaa habonyezi. Ilifaa miaka yote. Hata Marcelo, ambaye hakuheshimu mtu, alikuwa akivikwepa viatu vya Ngassa kwa heshima kubwa.

Precious alisimama kando ya kiti, mikono kifuani, akitazama kupitia kioo. Kutoka kwenye chumba chake cha kioo aliona ubavu wa sanduku na mlango wake ulio wazi, lakini aliyeko ndani hakuonekana. Mashine za kuchambulia zilikuwa zikinguruma, na katika ngurumo ile mtu akiita kwa nguvu zake zote husikika kama anayenong'ona.

Ndipo mshale wa kwenye skrini ukasogea.

Alidhani ameigusa meza. Akarudi nyuma hatua moja, mausi ikabaki peke yake juu ya meza, na mshale ukaendelea kutembea. Ulipanda kwenye kona, ukafungua folda, ukaifunga. Ukafungua nyingine. Ulitembea kama mtu aliyeingia chumba cha wengine akipekuapekua. Kwa watu wetu jambo kama hilo lina jina, na wangekuwapo wapakiaji pale wangelitaja mara moja na kukimbia. Mimi nasema mchawi hana shida ya kutafuta folda. Huyu alikuwa mtu, ameketi mahali fulani duniani, pengine anakunywa chai, anatafuta siri za benki. Robota la pamba pengine hajawahi hata kuliona. Akakuta vitufe viwili vikubwa vya lugha asiyoijua.

Mshale ulisimama juu ya SHUKA.

"Mjomba!" Precious alipiga kelele. "Mjomba, toka!"

Akairukia mausi, akaivuta. Mshale ulisogea kidogo ukarudi palepale, kwa kuwa upande wa pili nako kulikuwa na mkono. Kitufe kikabonyea. Nyuma ya kioo pampu ya mafuta ikaanza kulia na bamba likaanza kushuka.

Aling'oa waya wa kompyuta ukutani. Skrini ikafa. Bamba halikufa, lilikuwa limeshapokea amri na lilikuwa likiitekeleza taratibu, kama lilivyofundishwa. Precious akatoka mbio. Kwenye nguzo ya mashine kulikuwa na kitufe chekundu cha dharura, lakini wapakiaji walikuwa wakikigonga na mabega kila siku, mashine inazimika, Marcelo anatukana, mpaka Mashimba, fundi umeme, alipokifunika kwa kifuniko cha ndoo na kukizungushia waya wa kufungia marobota. Precious aliushika waya ule kwa mikono mitupu. Ulimkata viganja, na hakusikia maumivu. Aliuvuta kwa uzito wote wa mwili wake, kifuniko kikaruka, akakipiga kitufe kwa ngumi.

Pampu ikanyamaza, na bamba likasimama.

Alikimbilia mlango wa sanduku akiwa hana uhakika atakuta nini. Alikuta uso wa mjomba wake, shavu limebanwa kwenye kizingiti, macho yamemtoka. Kuanzia kifuani kwenda chini alikuwa amezikwa ndani ya pamba iliyoshindiliwa, na juu ya pamba hiyo lilikuwa bamba.

"Mama," alisema. "Nani kabonyeza?"

"Si mimi. Mjomba, si mimi."

"Najua. Nani?"

Watu walishafika, mashine nyingine zikazimwa, na ukimya uliotokea ulikuwa mbaya kuliko ngurumo. Walimshika mabega wakamvuta, akapiga yowe wakamwacha. Walichimba pamba kwa vidole, kwa bisibisi, kwa panga. Pamba ya namna hiyo huwezi kuichimba, ni sawa na kuchimba ubao. Mashimba alipanda juu ya mashine, akagusa bomba, akanusa vidole vyake. Aliposhuka alimvuta Precious pembeni.

"Haitakaa hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Valvu inavuja. Bamba linashuka kidogo kidogo lenyewe. Tusingoje mtu wa Mwanza."

"Tulinyanyue basi!"

"Kwa kitu gani? Mkono wa chuma hakuna. Linanyanyuka kwa kompyuta tu."

Precious aligeuka akakitazama chumba cha kioo. Hapo ndipo hofu yake halisi ilipoanza, maana ile ya mwanzo ilikuwa ya kukimbia nayo, na hii ilikuwa ya kukaa nayo. Ili mjomba wake apone, ilibidi waiwashe tena kompyuta ileile aliyomo yule mtu.

"Tulifute lile faili," alimwambia Danford.

Shati la Danford lilikuwa limechomoka upande mmoja. "Tukilifuta programu haifunguki. Tutakuwa tumerudi palepale pa asubuhi."

"Na tukiliacha?"

Marcelo alikuwa akizunguka na simu sikioni akimpigia kila mtu anayemjua, na hasira yake yote ilikuwa imeisha; alikuwa mzee ghafla. "Toeni mtandao," alisema. "Toeni mtandao kwanza, halafu muwashe. Huyo shetani ataingilia wapi?"

Lilikuwa wazo zuri. Danford alichomoa modemu, akaionyesha juu kama mwamuzi mwenye kadi. Mashimba alikwenda kusimama kwenye kitufe chekundu, akikibana kwa kiganja. Maadamu kimebonyezwa, pampu haiwezi kufanya kazi hata kompyuta iseme nini. Akiambiwa achie, ataachia. Precious alivisogeza viatu vya mjomba wake sakafuni, akaurudisha waya ukutani, akakaa, akawasha.

Kompyuta iliamka polepole, kwa dharau. Programu ikafunguka. PANDA. SHUKA. Precious alipeleka mkono kwenye mausi, na kabla hajaigusa mshale ukaondoka.

Ukaenda moja kwa moja kwenye SHUKA, ukabonyeza. Ukabonyeza tena. Safari hii ulikuwa na haraka, kama mtoto aliyegundua kengele ya mlango. Nje pampu haikulia, kwa sababu ya kiganja cha Mashimba tu.

"Usiachie!" Precious alipiga kelele. "Mashimba, usiachie!" Kisha kwa Danford, "Umesema umetoa mtandao!"

"Nimetoa! Modemu hii hapa!"

Precious alijilazimisha kuacha kuutazama mshale, akatazama pembeni mwa skrini, kona hadi kona, mpaka akaiona ile alama ndogo ya mtandao na jina lililoandikwa chini yake. Lilikuwa jina la Danford.

"Simu yako," alisema. "Kompyuta iko kwenye mtandao wa simu yako! Haijatoka tangu asubuhi!"

Danford aliitoa mfukoni, vidole vikateleza, namba ya siri akaikosea, akaikosea tena. Marcelo alimpokonya akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kunywa, akaishikilia chini, akaishikilia kwa muda mrefu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema wahenga, lakini wahenga walizungumzia mgeni anayebisha hodi. Mshale ulisimama katikati ya skrini. Precious akausogeza kushoto, ukaenda kushoto. Akausogeza kulia. Alikuwa peke yake.

Lakini faili bado lilikuwamo. Hakuna aliyejua limeandikwa nini ndani yake. Kama lilidanganya kuhusu mlango, lingeweza kudanganya kuhusu kitufe. Pengine PANDA ilikuwa bado panda, na pengine sivyo, na palikuwa hakuna njia ya kujaribu isipokuwa juu ya kifua cha Ngassa.

Precious alirudi mlangoni pa sanduku. Uso wa mjomba wake ulikuwa umebadilika rangi, na alipumua kwa vipande.

"Mjomba, tunalipandisha sasa. Tumejaribu kila... Linaweza kupanda. Linaweza pia..." Alishindwa. Akaanza kulia.

"Nimewasikia," Ngassa alisema. "Nani atabonyeza?"

"Mimi. Mimi ndiye mwendeshaji."

"Yaya, hapana." Alisema kwa ukali alioutumia zamani alipomkuta karibu na moto. "Wewe usiguse. Likishuka, utaishi na mkono huo mpaka uzeeke. Mtoto wa dada yangu! Sikubali. Abonyeze mwingine."

"Mjomba..."

"Abonyeze yule kijana. Danford. Msomi. Mkono wake hautatetemeka. Niahidi."

Precious alimtazama, akaahidi.

Alirudi chumbani. Danford alikuwa ameshasikia, maana watu wote walisikia, na alikuwa tayari ameketi kitini kwa kuwa hakuna aliyempa nafasi ya kufanya vingine. Mkono wake ulikuwa juu ya mausi. Mshale ulikuwa ukirukaruka juu ya skrini nzima, mara PANDA, mara SHUKA, mara PANDA. Safari hii hapakuwa na mtu wa mbali, ni mkono wake tu.

"Siwezi," alisema. "Dada Precious, siwezi. Mimi ndiye niliye... siwezi."

"Toka."

Alitoka kitini. Precious alikaa. Viganja vyake vilikuwa na damu na mausi ikateleza, akaipangusa kwenye sketi. Aliuweka mshale juu ya PANDA, akauacha pale. Aliogopa vibaya mno. Alitamani umeme ukatike, mvua inyeshe, mtu yeyote aingie amwambie subiri. Hakuna aliyeingia.

"Mjomba!" aliita kwa sauti yote. "Danford ndiye anabonyeza!"

"Haya!" Sauti ilikuwa ndogo. "Haya, kijana!"

"Mashimba, achia!"

Akabonyeza.

Pampu ililia. Bamba lilitikisika, likashuka upana wa kidole, na Ngassa akatoa sauti ambayo Precious hakuwahi kumsikia mtu akiitoa. Alibaki amekibana kitufe, macho ameyafumba, akisema maneno yasiyokuwa sala wala matusi. Kisha mlio wa pampu ukabadilika, ukawa mzito, na watu kule nje wakaanza kupiga kelele wote kwa pamoja. Alifumbua macho. Bamba lilikuwa linapanda.

Walimtoa wakamlaza juu ya turubai. Mbavu zilikuwa zimevunjika na mguu mmoja haukuwa mzima, lakini alikuwa anapumua, na alipopata pumzi ya kutosha alitaka ainuliwe kichwa. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa likirudi nyuma kupitia lango, watu wakiliongoza kwa mikono. Ngassa aliangaza macho kati ya watu, akampita Marcelo, akampita Mashimba, akampita hata mpwa wake.

"Danford yuko wapi?"

Walimsukuma mbele. Ngassa alinyanyua mkono wake mweupe kwa pamba, akamwelekezea.

"Wabeja," alimshukuru. "Wabeja sana, mwanangu. Bila wewe ningekufa."

Danford alimtazama Precious. Precious alikuwa amepiga magoti kando ya turubai, mikono yake yenye damu ameificha kwapani. Kijana aliinama, akaupokea ule mkono, akaushika kwa mikono yake yote miwili, na hakuweza kuuachia mpaka watu wa gari walipokuja kumchukua Ngassa.